Jicho Jipya na Picha ya Mwisho ya Sawanome

Jumatatu, 7 Machi

Wiki ya saba tangu nishonwe jicho. Theluji uani bado inafika kiunoni na leo jua limetoka. Dunia nzima nyeupe, na weupe wote unanitazama mimi. Nilifungua mlango wa mbele kuchukua gazeti, nikaufunga bila gazeti. Machozi mpaka kidevuni.

Daktari Kuwano alinionya. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, nimewekewa ya marehemu fulani nisiyemjua. Nyuzi kumi na sita bado zimo. Jicho la namna hiyo huuchukia mwanga kwa miezi. Nivae miwani ya jua na kofia pana. Matone mara nne kwa siku. Nisiiname, nisibebe kitu, nisijisugue. Likiwa jekundu, likiuma au likififia, niende siku hiyo hiyo. Aliuliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwamba mimi ni mpiga picha, habari za mwanga sifundishwi.

Nimehamia chumba cha giza, nyuma ya studio, pale baba yangu aliposafishia picha na mimi nikasafisha baada yake. Studio niliifunga miaka tisa iliyopita lakini harufu ya dawa haijatoka ukutani. Taa nyekundu hainiumi hata kidogo. Nilipokalia kigoda nikawa tena na miaka kumi na miwili, baba anatikisa sinia, na uso wa bibi harusi unajitokeza polepole kwenye karatasi kama mtu anayeamka. Nilikaa humo hadi chakula cha mchana. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Fusae, mke wangu, alinipitishia bakuli mlangoni. Hata wali mweupe unanichoma, kwa hiyo aliufunika kwa mwani mweusi. Alisema hakujua kwamba aliolewa na dubu anayelala majira yote ya baridi, na akaomba nimjulishe nitakapoamka.

Kisha akanisomea barua ya shule. Shule ya msingi ya Sawanome inafungwa mwisho wa mwezi huu. Wamebaki watoto kumi na mmoja. Jumapili tarehe 20, saa nne asubuhi, wote waliowahi kusoma pale wakusanyike uwanjani kwa picha ya mwisho. Sentensi iliyofuata Fusae aliisoma mbio sana. Nikamwomba airudie. Kwa sababu ya afya ya Bwana Hachiya, yaani mimi, picha itapigwa na Bwana Ubukata.

Ubukata Kinji. Posta miaka thelathini na minane, sasa mstaafu, jirani yangu ng'ambo ya barabara. Ana kamera ndogo kama mche wa sabuni.

Picha ya shule nimepiga mimi miaka arobaini na mitano. Kabla yangu, baba. Figili za chumvi alizoniletea na wali sikuzigusa.

Jumatano, 9 Machi

Mpango umekamilika. Jicho litazoezwa. Leo pazia lifunguliwe kidole kimoja, kesho viwili, na tarehe 20 nitasimama uwanjani macho makavu.

Kidole kimoja kilikwenda vizuri. Nikavimba kichwa. Nikavaa miwani ya jua, juu yake kofia ya pama ya shambani, juu ya kofia shali nyeusi ya Fusae, nikatoka kukaa barazani. Dakika tatu za ushindi. Dakika ya nne jua likagonga theluji ya paa la Ubukata na kunirudia lote. Nilihisi nyuzi zote kumi na sita, moja moja.

Ubukata mwenyewe alikuwa juu ya paa hilo na koleo, anaiangusha theluji.

"Hachiya," alisema, "unalia nini? Mimi bado mzima."

Nikamwambia silii, jicho liko mazoezini.

"Basi lipe pole."

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, saa nne asubuhi jua la Machi huwa linasimama upande gani pale uwanjani, upande wa kengele au wa ukumbi wa michezo. Nikamwambia upande wa kengele. Akanishukuru.

Liko upande wa ukumbi. Atajua mwenyewe.

Fusae alinivua shali, akaikung'uta theluji. Alisema mtu aliyekufa ameniachia kitu chake, na mimi nakianika barazani kama samaki.

Ijumaa, 11 Machi

Nimekwenda shuleni. Fusae alikuwa kwa fundi wa nywele. Miwani ya jua, kofia, mwavuli mweusi, macho kwenye viatu vyangu. Mita mia nne, nusu saa. Nilikutana na watu watatu na wote walinipa pole ya msiba.

Mwalimu mkuu ni Bi Orihara. Nilimpiga picha akiwa darasa la kwanza, nywele zimekatwa juu ya paji la uso kama kwa rula, soksi moja imeshuka. Sasa ananimiminia chai na kuniita "mzee wangu". Aliniweka mgongo ukielekea dirisha kabla sijaomba. Ana akili yule mtoto.

Nilieleza kwamba picha ya saa nne ni kosa la kitaalamu. Watu watakunja nyuso. Mlima hutia kivuli uwanjani kuanzia saa tisa alasiri, mwanga laini, nyuso tulivu, na mpiga picha mzoefu hata miwani angeweza kuvua. Akasema wageni wana mabasi na yanaondoka saa sita. Nikasema basi tupige ndani ya ukumbi. Akasema toka shule ijengwe picha hupigwa uwanjani mbele ya kengele, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekataa katakata kuihamisha mwaka ule wa mvua. Kweli nilikataa. Mdomo wangu.

Alinisindikiza kwenye korido ambako picha zote zimetundikwa. Ile harufu ya nta ya sakafu. Kwa miwani ile niliona fremu nyeusi tu, safu ndefu, kama madirisha ya treni iliyozimwa taa. Lakini nilijua kila moja ilipo. Nikasimama mbele ya ile ya mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, baba amelazwa hospitalini. Walikuwa watoto mia mbili na kumi. Walipotulia wote kwa pamoja, niliwasikia wakipumua.

Bi Orihara aliuliza kama mwanga unaniuma. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 13 Machi

Theluji inaanguka, jua hakuna, siku njema kwa jicho. Nimeshusha masanduku ya filamu zilizosafishwa. Namaanisha Fusae ameyashusha, mimi nikiamuru.

Tuliweka taa dhaifu chini ya karatasi ya njano. Nikazitazama kwa lenzi ya mkono, dakika tano kisha kupumzika, dakika tano kisha matone. Huyu alikwenda kufanya kazi kwenye meli. Huyu aliuza tofu mpaka mwaka juzi. Hawa mapacha walibadilishana majina siku ya picha na mpaka leo orodha ina makosa. Pembeni kabisa, mlangoni mwa jiko, amesimama mpishi mpya wa shule, aproni, mkono umeficha mdomo. Fusae, miaka ishirini na miwili.

Nilimwambia kwamba mwaka ule niliomba watu wapangwe upya mara tatu, si kwa sababu ya picha. Akasema anajua. Wali uliungua kwa sababu yangu na watoto wote walikula ulioungua.

Tukacheka mpaka akanikataza, eti nyuzi.

Kisha nikafika kwenye picha za karibuni. Miaka sita iliyopita, wakati wa mavuno kwa shemeji, jani la mpunga lilinichoma jicho hili la kulia, jicho la kazi. Kidonda, halafu kovu, halafu ukungu mtupu. Lakini kila Machi nilipiga picha ya shule, kwa jicho la kushoto. Nikaweka ya mwaka jana chini ya lenzi. Ukungu. Ya mwaka juzi, ukungu. Nikasema jicho limechoka. Nikarudi kwenye ya zamani: nyuzi za aproni ya Fusae zinahesabika.

Zote tano ni ukungu. Watoto hawana nyuso.

Nikamuuliza Fusae. Alifunika sanduku kwanza. Akasema shule iliziona, ikanyamaza. Ubukata alikuwa akipiga zake pembeni, kila mwaka, na zake ndizo zilizotundikwa koridoni.

Nikauliza chini yake kumeandikwa nani.

"Wameandika Hachiya," alisema. "Yeye ndiye aliyesema waandike hivyo."

Nimekaa chumba cha giza saa nzima bila kuwasha hata taa nyekundu. Nimefikia uamuzi. Mtu yule amekuwa akilitumia jina langu miaka mitano bila ruhusa.

Jumanne, 15 Machi

Mpango wa kweli sasa. Sijui kwa nini sikuufikiria tangu mwanzo. Kamera ya baba. Ile kubwa ya mbao ya kusimamia stendi, ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi kichwani na kutazama picha kwenye kioo cha nyuma. Chini ya kitambaa hakuna jua wala theluji. Ni chumba cha giza unachotembea nacho!

Filamu zake mbili zilibaki kwenye friza, kati ya samaki. Fusae alidhani ni dawa za Chizuru, binti yetu, za tangu alipokuwa akiishi hapa.

Fusae alikwenda dukani. Nikaishusha kamera kutoka rafu ya juu. Halafu stendi. Ni nzito kuliko nilivyokumbuka, au mimi nimekuwa mwepesi. Niliinama mara moja tu. Mara mbili.

Alasiri jicho likaanza kukwaruza kama lina mchanga. Nikalitazama kwenye kioo cha bafuni. Jekundu kidogo. Daktari alisema niende siku hiyo hiyo. Nikienda watanilaza, na tarehe 20 itanipita. Nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nimemwambia Fusae kwamba ni zoezi jipya.

Alhamisi, 17 Machi

Nimekamatwa. Asubuhi nilitia chumvi kwenye chai na mchuzi wa soya kwenye kikombe ninachowekea chupa za matone. Fusae alinivua miwani mezani, akalitazama jicho, akaenda kuvaa koti lake. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Basi la kwenda mjini, saa moja na nusu. Alinishika mkono njia nzima, kofia imenishuka mpaka puani. Sikuona chochote nje. Alinihadithia yeye. Sasa tunapita kinu. Sasa daraja. Pale ndipo pikipiki yako ilipozimika siku tulipokuwa tunakwenda kufunga ndoa. Nikasema haikuzimika, petroli iliisha. Akasema kuna tofauti gani.

Daktari Kuwano alitazama muda mrefu. Mwili wangu umeanza kukikataa kioo kile, alisema. Ndiyo kwanza umeanza, unaweza kutulizwa. Ningesubiri siku tatu zaidi tungekuwa na mazungumzo mengine. Matone kila saa sasa. Akauliza lilianza lini. Nikasema asubuhi hii.

"Lilianza Jumanne," alisema Fusae.

Daktari ni mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini. Alisema mtu aliyenipa konea hii alisaini karatasi alipokuwa mzima. Familia yake iliulizwa saa ile ile ya kilio na ikakubali. Sisi hatujui jina lao na wao hawajui langu. Wanachojua ni kwamba mahali fulani kuna mtu anaona. "Nisaidie isiwe uongo," alisema.

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria mtu huyo. Labda alikuwa mvuvi wa mtoni, au mwalimu. Labda aliwahi kusimama mbele ya kamera yangu na nikamwambia asikonyeze.

Kabla hatujaondoka nilikuwa nimemwomba daktari ruhusa ya tarehe 20. Alisema nusu saa, kivulini, bila kubeba kitu, na kama wekundu umepungua. Fusae anasema alisema "labda nusu saa". Mimi sikusikia labda.

Jumamosi, 19 Machi

Wekundu umepungua. Fusae amethibitisha kwa tochi yenye kitambaa.

Shida imebaki moja. Kamera na stendi haziwezi kufika uwanjani zenyewe. Fusae goti linamsumbua. Kijijini kote hakuna mtu mwenye nguvu na subira isipokuwa mmoja.

Ubukata alikuja na matunda ya kaki ya kukaushwa. Akaketi gizani nami, magoti yetu yanagusana, chumba hiki ni kidogo. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu jina langu. Nikaanza kuitoa. Akanikatiza.

"Mimi ni mtu wa barua," alisema. "Jina kwenye bahasha ni la anayetuma. Mpelekaji haandikwi. Nilikuwa napeleka tu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambiaje. Kila mwaka nilikuwa napita kwake jioni ya siku ile kumwonyesha jinsi nilivyowapanga watoto, nikiwa na furaha kama mtoto mwenyewe.

Alikula kaki moja, nami moja. Kisha akasema amekwenda uwanjani kuangalia, na jua saa nne liko upande wa ukumbi wa michezo.

Nikasema lazima limehama.

Atabeba kamera.

Jumapili, 20 Machi

Naandika kwa herufi kubwa, taa nyekundu, Fusae analala mchana huu baada ya kusimama sana.

Jua kali. Hakuna wingu hata la dawa. Theluji ya uwanja ilisukumwa pembeni ikawa kuta nyeupe. Nilitoka na miwani, kofia, shali, na Ubukata ameninyooshea mwavuli juu kama kwamba mimi ni kasisi wa hekalu. Stendi aliiweka juu kwa urefu wangu nisiiname.

Walikuja watu mia moja na sitini na kitu. Nywele nyeupe, vipara, watoto mgongoni. Bibi Tatsuno, miaka tisini na mmoja, aliyesoma pale kabla baba hajanunua kamera, ameketi mbele kabisa na blanketi la waridi. Wale watoto kumi na mmoja katikati. Walijipanga wenyewe. Sikuhitaji kumsukuma mtu. Kila mmoja alikumbuka nilikokuwa nikimsimamisha.

Nikaingia chini ya kitambaa, nikavua miwani.

Giza, harufu ya vumbi na ya baba. Na kwenye kioo shule nzima imepinduka, paa chini, miguu juu, ndogo, inang'aa bila kuniumiza. Shule niliyosomea, mke niliyempata, miaka yangu yote. Nilibaki humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ubukata aliuliza kama nimelala.

Nikajaribu kurekebisha lenzi. Nyuzi zinavuta jicho, kila mtu ana kivuli chake pembeni. Nikazungusha mbele, vivuli. Nyuma, vivuli. Nikajua kwamba nikisema tayari, zitakuwa nyuso za ukungu mwaka wa sita, na hizi ni za mwisho.

Nikavaa miwani, nikatoka.

"Ubukata, ingia wewe."

"Mimi?"

"Tafuta kengele. Zungusha lenzi mpaka maandishi yake yasomeke."

Aliingia. Akasema, "Wamepinduka." Nikasema ndivyo wanavyokuwa. Nilishika mwavuli mimi, juu ya mgongo wake.

"Kumbe ulikuwa unatuona hivi miaka yote," alisema humo ndani.

Nikaingiza filamu, nikahesabu, nikabonyeza mpira wa kufyatulia picha. Kutoka mlangoni mwa jiko, mahali pake pa zamani, Fusae akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Chizuru, kibao." Sikuwa nimevuta kibao kinachofunika filamu. Watu mia moja na sitini wakacheka. Nikakivuta kwa hasira, kwa nguvu, nikabonyeza tena.

Filamu moja ilibaki. Bi Orihara akasema haiwezekani sisi wawili tusiwemo, tulisoma pale miaka sita dawati moja. Fusae akaja akauchukua mpira mkononi mwangu. Tukaenda mwisho wa mstari, mimi na Ubukata, na mwavuli wetu. Fusae alihesabu hadi tatu. Hakufunika mdomo.

Dakika thelathini na tano. Jicho linauma kidogo tu. Sitamwambia mtu zile tano.

Jumatano, 23 Machi

Tumesafisha filamu. Ya kwanza, yangu, mwanga uliingia nilipokivuta kibao kwa nguvu, na nusu ya watu wameungua kabisa, pamoja na Bibi Tatsuno. Ya pili ni safi. Maandishi ya kengele yanasomeka. Nyuso zote zipo. Ndiyo itakayotundikwa kwenye ukumbi wa kijiji pamoja na zile za korido.

Kwa hiyo picha ya mwisho ya Sawanome ilirekebishwa na mtu wa posta na kupigwa na mpishi. Nilifikiri sana cha kuandika chini yake. Nimeandika Hachiya. Fusae naye ni Hachiya, kwa hiyo si uongo. Ubukata alisoma, akasema sawa, akauliza kama nina kaki zilizobaki.

Daktari ametazama jicho leo. Wekundu umekwisha. Alifurahi. Amesema nisitoke juani bila sababu ya lazima mpaka mwisho wa Aprili, na nimeahidi kwa moyo wote.

Ubukata alikuwa na habari moja zaidi. Ile reli ndogo ya bonde la pili inafungwa pia. Treni ya mwisho itapita kwenye daraja la chuma Jumapili, tarehe 24 Aprili, saa tatu asubuhi, jua likiwa usoni kabisa. Yeye anasema ipigwe kutoka kingo za mto. Mimi nasema kutoka juu ya kilima, na kwamba yeye hajui chochote kuhusu picha. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Stendi ataibeba yeye.

Fusae nimemwambia kwamba tarehe 24 nina miadi na daktari. Ameuliza, siku ya Jumapili? Nikasema yule daktari ni mtu mwenye bidii sana.